Mja Mzito Hauguzwi kwa Simu

Juzi, nikiwa na himila ya miezi saba, nilishikwa hapa Uingereza na maradhi ya kutapika na kuharisha yazungukayo mjini kila msimu wa baridi, na nilipopiga simu kliniki nikaamriwa, kwa adabu isiyo na huruma, ninywe maji kidogo kidogo wala nisikanyage huko mpaka zipite saa 48 tangu tumbo litulie. Agizo hilo ni sahihi kitabibu, kwani huwakinga wajawazito wenzangu. Lakini mume wangu alikuwa zamu ya usiku, na jirani tunayegawana naye ukuta hajui hata jina langu.

Kule kwetu Moi's Bridge, Kenya, mji ulioitwa Hoey's Bridge zama za walowezi, habari ya mja mzito aliyetapika mara mbili hufika sokoni kabla jua halijapanda, na asiniambie mtu kuwa huo ni umbea, maana ndio uliotulea. Mavyaa huja na uji mwepesi wa wimbi. Shangazi huchemsha maji, na katika kila lita akatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Naye kogo, yaani nyanya, asiyesoma darasa lolote, huketi kando ya kitanda akiuliza yale yale aulizayo tabibu: umepata haja ndogo, rangi yake ni ipi, una kizunguzungu, mtoto anacheza? Vidonge vya kufunga tumbo hukataa visinunuliwe ovyo, akisisitiza kunywa, kwa kuwa ukavu wa mwili ndio umdhuruo mama, na waweza hata kuamsha uchungu kabla ya wakati.

Lakini akiona homa kali, au damu chooni, au mtoto amepunguza kucheza, kogo ampeleke wapi usiku, ilhali zahanati nyingi hufungwa jioni na hospitali ya rufaa iko Eldoret? Mwaka 2021 serikali yetu ilitia saini mapatano ya kuwaleta Uingereza wauguzi wa Kenya, waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wale wale wajazao mahindi katika maghala ya Moi's Bridge. Simlaumu muuguzi, kwani nami niliifuata riziki huku. Nailaumu dola iliyowaacha wahitimu bila ajira na wagonjwa bila wauguzi.

Dawa ya maradhi haya imo katika kila jiko. Lililo adimu ni mtu wa kumnywesha mgonjwa, na muuguzi wa kumpokea hali ikizidi. Moi's Bridge wamejaliwa wa kwanza tele, na wa pili wanamdai kwa haki, si kwa ihsani.