Barua kutoka Nagoya: Uzi Ukikatika, Mashine Husimama

Mdogo wangu,

Ujumbe wako niliusoma kwenye treni nikienda kazini, nikaurudia jioni nilipotulia. Kwamba bosi amekukabidhi safari ya wafanyakazi, watu 40, siku mbili, na kila unayemwomba ushauri anakutajia hoteli ileile ya Bagamoyo: semina mpaka saa nane, kuvuta kamba ufukweni, nyama choma, posho, kurudi Dar. Unaniuliza kama nina wazo jingine. Ninalo, tena bado la moto, maana mwaka huu zamu ya kupanga safari ya kampuni yetu iliniangukia mimi.

Wajapani wana jina la mtu anayebebeshwa kazi hii. Wanamwita kanji. Si cheo, na hakina nyongeza ya mshahara. Kanji ndiye anayekodi basi, anayehesabu vichwa kila kituo, anayejua nani hali nini, na usiku ndiye wa mwisho kukaa kula. Nilipotajwa nilishtuka, mgeni kama mimi, lakini fundi wetu mkuu akasema mgeni ndiye anayefaa, kwa sababu hatadhani kwamba kila mtu anajua.

Safari zenyewe ni desturi ya muda mrefu. Kuanzia miaka ya 1960 mpaka ya 1980, uchumi ulipokuwa ukipaa, kampuni zilikuwa zikipakia watu wote kwenye mabasi na kuwapeleka kwenye miji ya chemchemi za maji moto kama Atami. Mambo yalipoharibika miaka ya 1990, kampuni nyingi zikaziacha safari hizo, na vijana wa leo wengi hawaoni raha ya kukaa na wakubwa wao hata siku za mapumziko. Sisi bado tunakwenda, na lipo sharti moja la kodi ambalo nilifundishwa siku ya kwanza. Ili gharama ya safari isihesabiwe kuwa mshahara na kukatwa kodi, safari isizidi usiku nne na siku tano, na angalau nusu ya wafanyakazi wawe wameshiriki. Wala huwezi kumpa fedha taslimu asiyekwenda ukabaki salama. Nalipenda sharti hili, mdogo wangu. Linamfanya mpangaji aanze na swali la nani hataweza kuja, kabla hata ya kutaja hoteli.

Basi nami nikaanza hapo. Sisi ni watu 38, tunakagua na kufungasha vipuri. Nikampa kila mtu karatasi yenye swali moja: kitu gani kitakufanya ushindwe kuja? Majibu yaliyorudi yaligeuza mipango yote. Mbrazili wa upande wa ghala, na Wabrazili katika mkoa huu wa Aichi ni wengi, aliandika kuwa ana tatuu mkononi na mabafu mengi ya pamoja hayampokei mwenye tatuu. Mama mmoja wa kufungasha aliandika goti. Kijana mwenye mtoto mchanga aliandika usiku. Mimi mwenyewe niliandika pombe, nguruwe, na haya, kwa sababu kuoga uchi na wenzangu wa kazini sikulelewa hivyo. Hakuna aliyenicheka. Tukatafuta hoteli yenye bafu dogo la kukodi kwa saa, watu wawili watatu wakapona kwa mkupuo mmoja, na mpishi akakubali kunitengea samaki asiyepikwa kwa pombe ya sake wala ya mirin.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na viwanda vinne kwa siku moja. Nilidhani wingi ndio heshima. Fundi mkuu, mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu, akaichukua akafuta viwili kwa penseli. Akasema ukimwendea mtu kazini kwake, mpe nafasi akueleze. Kisha akaniuliza kama siku hiyo mashine zitakuwa zinazunguka. Sikuwa nimewaza. Viwanda vingi hulala mwisho wa wiki, ukienda unaonyeshwa majengo tu. Ndiyo sababu tuliondoka Ijumaa. Akaniambia pia niwagawe watu kumi kumi, kwa kuwa kwenye kelele za mashine mtu wa kumi na moja hasikii kitu, amekuja kutazama migongo ya wenzake. Na viatu vya kufunika vidole, na kuuliza mapema wapi picha haziruhusiwi. Yote hayo tukayachapa kwenye kijitabu ambacho huku hakikosekani safarini, wanakiita shiori: dakika ya kuondoka, dakika ya choo, nani anakaa na nani. Saa 2:40 asubuhi imeandikwa, saa 2:35 wote wameshaketi.

Kituo cha kwanza kilikuwa hapahapa Nagoya, kwenye makumbusho ya viwanda na teknolojia ya Toyota. Ni jengo la matofali mekundu la kiwanda cha kufuma nguo cha mwaka 1911, likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994. Nyumbani tukisikia Toyota tunawaza Hiace ya Mbagala yenye maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hakuna aliyejali kuyafuta. Lakini ukoo huu ulianzia kwenye uzi. Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867, alikuwa mtoto wa seremala, na maisha yake yote aliyamaliza kwenye mashine za kufuma. Ile ya mwaka 1924 inayoitwa aina ya G bado wanaiwasha mbele ya wageni. Inapiga kelele, mpaka kifua kinatetema. Kisha mwelekezaji akakata uzi mmoja wa mtande, uzi mmoja tu kati ya mamia, na mashine nzima ikasimama. Kimya.

Zamani, alituambia, uzi ukikatika mashine iliendelea kufuma kasoro, kwa hiyo mfanyakazi alipaswa kusimama kuilinda mashine siku nzima. Hii ya G ikamwachia mtu mmoja kuangalia mashine nyingi, maana yenye tatizo hujisimamisha yenyewe. Mwaka 1929 haki za kuitengeneza ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwana wa Sakichi, Kiichiro, akaelekea kwenye magari. Kampuni ya magari ikaanzishwa mwaka 1937. Mpaka leo kwenye viwanda vyao ipo kamba au kitufe ambacho mfanyakazi yeyote akiona kosa anakitumia kuita msaada, na kosa lisipotatuliwa mara moja, mstari wote unasimama. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa juzi.

Hapo nilimkumbuka baba. Wewe ulikuwa mdogo, hukuwahi kuingia korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge cha shamba alilofanyia kazi. Mimi niliingia mara moja, nimetumwa na mama kumpelekea chakula, nikamkuta kwenye chumba cha brashi, singa za mkonge zikiruka kama moshi na yeye amejifunga kitambaa puani. Aliponiona alizima mashine yake, akanionyesha namna ya kushika fungu la singa lisikuvute mkono. Dakika tano labda. Sijamwona tena na uso ule. Miaka yote aliyofanya kazi pale, watu wa ofisini wa shamba lile hawakuwahi kuja kusimama kando yake wakamuuliza kazi hii inafanywaje. Walikuja kuhesabu marobota. Nilisimama mbele ya mashine ile iliyonyamaza mpaka wenzangu wakanipita, na kanji sikupaswa kubaki nyuma.

Mchana tulikwenda Okazaki kuona miso, ule uji mzito wa soya iliyochachuka ambao huku hauondoki mezani. Miso ya hapo inaitwa Hatcho kwa sababu inatengenezwa umbali wa cho nane, kipimo cha kale, kutoka ngome alikozaliwa Tokugawa Ieyasu. Nyumba tuliyoitembelea, Kakukyu, ilianza mwaka 1645. Soya, chumvi na maji vinaingia kwenye pipa la mbao za mierezi lililo refu kuliko mtu, linalobeba karibu tani 6, na juu yake yanapangwa mawe ya mtoni yapatayo tani 3, jiwe kwa jiwe, kwa mikono, bila kitu cha kuyashikamanisha, mpaka yawe kichuguu. Yanakaa hivyo zaidi ya miaka miwili.

Nilikuwa nimekipa kila kikundi kazi moja badala ya michezo ya kwenye basi. Wamuulize mfanyakazi mmoja: kosa gani lilikufundisha kazi hii? Mtu wa mapipa akatujibu kwamba alipokuwa mwanagenzi alimaliza kupanga mawe ya pipa zima, mzee wake akayazunguka mara moja, akamwambia ayashushe yote aanze upya. Hakumwambia kosa liko wapi. Alilitafuta mwenyewe kwa kushusha. Tuliporudi kwenye basi, watu waliokaa meza moja miaka sita bila kusemezana walianza kuhadithiana makosa yao wenyewe, mpaka tunafika Gamagori, kwenye ghuba ya Mikawa, tulikolala. Karamu ya usiku sina haja ya kukueleza. Walikunywa chao, mimi nilinyanyua chai yangu ya oolong, tukaimba.

Kesho yake, kurudi, tuliingia Arimatsu. Ni mtaa mmoja wa nyumba za mbao kandoni mwa barabara ya kale ya Tokaido, ulioanzishwa mwaka 1608, na tangu enzi hizo watu wake wanafunga vitambaa kwa uzi kisha wanavitia rangi ya nili. Wasafiri walinunua vitambaa vya mkono kama zawadi za kupeleka kwao. Namna za kufunga fundo zimepita mia. Ungemwona bibi aliyetufundisha, anafunga bila kutazama, kama mama anavyosuka ukili huku anazungumza na jirani. Vijana wetu wenye vidole vya kukagua vipuri vya milimita walitokwa jasho. Mama mwenye goti, aliyekuwa akikaa nyuma safari nzima, ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, na ndani ya nusu saa meneja mwenyewe alikuwa ameinama pembeni yake akiomba aonyeshwe tena.

Kwa hiyo usiwapeleke Bagamoyo kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, mdogo wangu. Kamba mtavuta popote, watumishi wa serikali kwenye michezo ya SHIMIWI wanaivuta na mimi nawapenda kwa hilo. Wapeleke Tanga. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kwa miche 62 iliyookoka safari ya meli, na mashamba yapo, korona zipo. Waandikie mapema, uliza siku ambayo mashine zinazunguka, gawa watu kumi kumi, kila kikundi kipate mwenyeji kutoka kwa wenye kushika kazi, si afisa uhusiano. Walio na pumu wapewe barakoa. Jioni mlale Pangani. Na posho, kama lazima iwepo, itolewe sawa, dereva na mhudumu wa usafi sawa na mkurugenzi, usikubali kushawishiwa kwenye hilo. Kabla ya yote gawa ile karatasi yenye swali moja.

Kwenye safari yetu, mmoja wetu hakuja. Mama yake alilazwa hospitali wiki ile, naye ndiye mtoto pekee. Arimatsu tukamfungia kitambaa kimoja cha pamoja, kila mtu fundo lake. Vitambaa hutiwa rangi baadaye na kutumwa kwa posta, kwa hiyo cha kwake kimefika juzi, nili iliyoiva, na ndani yake maduara meupe 37. Hakuna linalofanana na jingine. La fundi mkuu limekaza kama shanga, langu liko pembeni na rangi imevuja ndani. Amekining'iniza juu ya meza yake ya kufungashia.

Kile nilichofunga peke yangu nimekiweka kwenye bahasha hii. Mpe mama, mwambie akioshe kwa maji baridi mara ya kwanza, kinachuja.

Kaka yako,
Nagoya