Chuo cha Karibu na Swali la Ijumaa



Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti yetu alitujia na machaguo mawili: jiolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, au uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichomo katika kaunti yetu hii, huko chini upande wa Voi. Cha kwanza kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na jina lake lajulikana kila nyumba. Cha pili ni kidogo. Kilianza mwaka 2011 chini ya chuo cha Jomo Kenyatta, kikapata hati yake ya kujitegemea mwaka 2016.

Sisi wazazi hatukusita. Tulisema Taita Taveta, tukatoa na sababu. Penye wanafunzi wachache mwalimu humjua kila mmoja kwa jina. Kaka yake, aliyesoma chuo kingine kikubwa, alikuwa akiwahi ukumbini saa nzima kabla ya somo ili apate kiti, na mwaka wa kwanza ukaisha hajazungumza na mhadhiri hata mmoja. Tena, tuliongeza, kutoka Voi kupanda Wundanyi si safari. Kila Ijumaa jioni angekula nasi.

Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, baada ya swala ya magharibi, akauliza kwa adabu: “Kaka alipokwenda Nairobi, ni nani aliyemwuliza habari za Ijumaa?”

Hakuna aliyemwuliza. Tulimnunulia godoro na sanduku la bati, tukamwombea dua, akapanda basi. Hofu zetu zote za mabweni, za chakula cha halali na za marafiki wabaya zilizaliwa siku binti alipoleta karatasi yake. Twaona haya kukiri, lakini lau chuo kidogo kingekuwa Eldoret na kile kikubwa kikawa Voi, tungeusifu ukubwa.

Basi tukamwomba aseme yeye. Alianza na mjomba wake, anayechimba vito kule Kasigau. Akipata tsavorite, kijiwe cha kijani chenye jina la Tsavo, humpelekea dalali, na dalali ndiye atajaye bei. Binti yetu amemwona tangu utotoni akirudi na vumbi jingi na fedha kidogo. Ataka kujua mwamba una nini ndani, na shimo lichimbwe vipi lisimfukie mtu. Alikuwa amekwisha kupima pia hasara yake: chuo kidogo kina milango michache, na akichoshwa na migodi hatakuwa na idara nyingi za kuhamia. Hilo sisi hatukuwa tumelifikiria.

Tuliswali istikhara, naye akaswali yake. Alipojaza fomu aliweka migodi mwanzo na Nairobi ya pili. “Nimekichagua kwa ajili ya mawe,” alisema, “si kwa ajili ya Ijumaa.”

Ana sharti moja: atakaa bwenini, na atapanda nyumbani chuo kikifungwa. Mmoja wetu amekubali papo hapo. Mwingine bado auliza kama Idi nayo imo katika sharti hilo.