Mjomba, Chama na Kibanda Umiza

Mwaka wa masomo 2023/24 sikuwepo hapa chuoni. Ada ilikwama, nikaahirisha, nikarudi Tunduma kumsaidia mama kuuza mchele karibu na mpaka. Wenzangu mlikuwa mnahesabu semista, mimi nilikuwa nahesabu mechi.

Kwa asiyeijua Tunduma: ukivuka geti tu, uko Nakonde, Zambia. Saa inarudi nyuma saa moja, shilingi inageuka kwacha, lakini Kinamwanga ni kilekile. Mama kwao ni upande huo. Mdogo wake anauza mahindi Nakonde, ila mpira anakuja kuangalia kwetu, kibanda umiza, benchi la mbele. Mimi namwita mjomba, naye ananiita mjomba.

Mkoa wetu wa Songwe hauna timu Ligi Kuu. Walio karibu ni Tanzania Prisons, kule Mbeya, kama kilomita 100. Kwa hiyo huku mtu ni Simba au Yanga, basi. Mjomba ni Simba, na sababu yake ni moja: Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka. Novemba 5, 2023 Yanga walipotupiga 5-1, tulitoka kibandani kimya hadi karibu na geti. Hapo ndipo akasema, "Mjomba, leo tumeaibika." Tumeaibika! Mzambia, lakini aibu ilikuwa ya wote wawili.

Ikaja Januari. Taifa Stars ipo AFCON Ivory Coast, mara yetu ya tatu baada ya 1980 na 2019, na hatujawahi kushinda hata mechi moja. Tukaanza kwa kupigwa 3-0 na Morocco. Kocha Adel Amrouche akasimamishwa, timu akakabidhiwa Hemed Suleiman. Mechi ya pili, Januari 21, ni Zambia. Kikosini kwao wapo Chama wa Simba na Kennedy Musonda wa Yanga. Aisee, usiku ule Tunduma ilisimama.

Mjomba alikuja na jezi ya Zambia, akakaa palepale pake. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga, kibanda kikataka kung'oka. Dakika ya 44 Roderick Kabwe akala kadi nyekundu. Mtu nyuma akapaza sauti, "Wazambia, rudini kwenu!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mjomba alikuwa hatua mbili kutoka nilipo.

Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Mjomba hakushangilia. Aliokota kofia yake, akatoka. Ile 1-1 ilitupa pointi yetu ya kwanza AFCON tangu 1980, nami sikujua niifurahie vipi. Siku tatu baadaye tukatoka 0-0 na DR Congo, safari ikaishia hapo.

Wiki zikapita, mjomba haonekani. Mama aliuliza mara moja tu, nikamdanganya kwamba yuko bize na mahindi.

Machi 29 Simba walikuwa wanawakaribisha Al Ahly, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mchana nikapima kilo tano za mchele, nikavuka. Nilimkuta anashona magunia. Nikamwomba radhi nikiwa nimesimama. Aliendelea kushona hadi gunia likaisha.

"Waliosema ni wengi, mjomba," akasema. "Lakini niliyemsikia ni wewe."

Sikuwa na jibu. Akakata uzi kwa meno, akauliza, "Haya, mechi saa ngapi?"

Tulifungwa 1-0 usiku ule, tumekaa bega kwa bega.

Juni 11 Stars walikwenda Ndola kucheza na Zambia kufuzu Kombe la Dunia. Safari hii mjomba ndiye aliyenialika Nakonde. Chumba kimejaa, Mtanzania ni mimi peke yangu. Dakika ya 5 tu, Waziri Junior akafunga. Nikakaa kimya, mikono mapajani. Mjomba akanipiga kiwiko.

"Shangilia bwana! Uko kwa mjomba wako."

Nikapiga makofi matatu ya woga, chumba kizima kikaangua kicheko. Mechi ikaisha 1-0. Usiku akanisimulia kwamba Ndola hiyohiyo, mwaka 1979, bao la Peter Tino na sare ya 1-1 viliipeleka Tanzania AFCON ya 1980. Babu, baba yao na mama, alikuwa akimtaja Tino kama mtu anayemdai hela.

Msimu uliisha Yanga wakiwa mabingwa mara ya tatu mfululizo, Simba wa tatu nyuma ya Azam. Kisha Julai, Chama akahamia Yanga. Nikampigia simu: "Mjomba, sasa inakuwaje?" Akanyamaza kidogo. "Sasa Simba nimebaki na wewe tu."

Oktoba nilirudi chuo. Nauli alinipa yeye, kwa kwacha, nikabadilisha mpakani kabla ya kupanda basi. Hapa bwenini, kwenye ukumbi wa TV, utani wa Simba na Yanga naendelea nao kama kawaida. Ila likianza neno "rudini kwenu", huwa naangalia kwanza nani amekaa benchi la mbele.