Ruhusa ya Kuondoka

Hapa Isongole, wilayani Ileje, tunapakana na Malawi. Walambya na Wandali wako pande zote mbili za mpaka, na mpaka haujawafanya waache kuzikana.

Tumeufikiria sana mpaka huo tangu mtaa wetu mmoja ulipoomba kuwa usharika. Sababu yao ni ya haki: watoto wa kipaimara huvuka vijito vilivyojaa wakati wa masika. Hata hivyo, baadhi ya wazee wameuita uasi. Vijana wetu waliosomea kompyuta ndio waliotupa mfano wa kutafakari.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yameachwa wazi, mtu yeyote ayasome, ayanakili na kuyabadili. Asiyeridhika na mwelekeo wake anaruhusiwa kuchukua nakala nzima na kuijenga kwa njia yake. Kanisa letu limenufaika na ruhusa hiyo. Hospitali za KKKT zimetumia Care2x, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa na Elpidio Latorilla, baada ya kurekebishwa ifuate mahitaji ya hapa nchini. Kuirekebisha hakukuwa kumdharau mwanzilishi, kwa maana ruhusa ilikuwapo tangu awali.

Lakini ruhusa ya kuondoka haisemi tuondokeje. Mwaka 1997 baadhi ya watengenezaji wa GCC, programu inayogeuza maandishi ya waandishi wa programu kuwa lugha ya mashine, walichoka kuona marekebisho yao yakicheleweshwa. Wakanakili kazi yote, wakaiita EGCS. Hata hivyo hawakukata uhusiano. Waliendelea kupokea mema yaliyofanyika kule walikotoka, na kazi yao wakaiacha wazi chini ya leseni ileile. Aprili 1999 EGCS ikakubaliwa kuwa GCC rasmi. Wangetoka kwa matusi, ingekuwa vigumu kupokelewa hivyo.

Leseni hiyo inaagiza kwamba ukimgawia mtu programu uliyoibadili, umpe na maandishi yake. Haikuagizi umpelekee yule wa kwanza kosa ulilolirekebisha, wala umjulie hali. Hapo sheria inakoma, na upendo unaanza kazi yake. Paulo aliwafundisha Wagalatia kwamba uhuru walioitiwa ni wa kutumikiana. Yeye mwenyewe alitengana na Barnaba kwa ugomvi mkali kwa sababu ya Marko (Matendo 15), na Biblia haikuuficha. Lakini karibu na mwisho wa safari yake anamwomba Timotheo amlete Marko huyohuyo, kwa kuwa anamfaa kwa huduma (2 Timotheo 4).

Kwa hiyo ombi la mtaa tumelipeleka jimboni. Tumekubaliana nao kwamba watapewa nakala ya kumbukumbu zao za ubatizo, kwaya zitaendelea kualikana, na atakayepata njia bora ya kufundisha kipaimara atamletea mwenzake. Hakuna katiba inayotulazimisha haya.

Wazee wawili bado wana uchungu, na hatuwaharakishi. Tunawakumbusha tu kwamba usharika wetu nao ulizaliwa ukiwa mtaa, na waliotulea walituruhusu twende. Mpaka leo wakifiwa, kengele yetu hulia.