Kinda Chini ya Mwembe

Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza kunyesha hapa Likasi, ndege hujenga viota karibu na nyumba zetu. Panda ni mtaa uliokua kando ya viwanda vya madini, lakini ndege hawakuukimbia. Penye mwembe au mpera, pana kiota. Naye atembeaye katika lupango lake siku hizo aweza kukuta kinda ameanguka chini. Je, amfanyieje?

Swali hilo lilitufikia nyumbani Jumamosi moja. Mtoto wetu alikuja mbio na kinda wa shore mkononi. Shore ni yule ndege mwenye kichwa cheusi na manyoya ya manjano chini ya mkia, alaye matunda na wadudu. “Baba,” akasema, “mama yake amemtupa. Tumtie katika kisanduku, nitamlea kwa maziwa.” Nyuma yake walisimama rafiki zake wawili, na mmoja alikuwa na manati shingoni.

Tukamtazama kinda. Macho yalikuwa wazi, miguu imara, mwili umekwisha kufunikwa na manyoya. Mkia tu ulikuwa mfupi. Kinda wa namna hiyo hakutupwa. Makinda ya shore hutoka kiotani yakiwa na umri wa majuma mawili hivi, kabla hayajaweza kuruka vema. Hujificha vichakani, na wazazi huendelea kuyalisha. Amwokotaye na kumfungia nyumbani amemnyang’anya mama, hata kama nia yake ni njema.

Basi tukamwagiza mtoto amweke juu ya tawi, ndani ya majani mazito. “Lakini mama yake atasikia harufu ya mikono yangu, atamkataa!” Wengi husema hivyo, lakini sivyo: ndege hamwachi mtoto wake kwa sababu tu ameguswa na mtu.

Tukaketi mbali, tukangoja. Mawingu yalikusanyika, na paka wa jirani akapita juu ya ukuta. Tukamfukuza, tukaketi tena. Mtoto alikuwa karibu kulia, maana kungoja ni kazi ngumu kuliko kutenda. Hatimaye shore mkubwa akaja na mdudu mdomoni, akatua, akamlisha. Hakuna aliyesema neno, hata yule mwenye manati. Kesho yake tawi lilikuwa tupu. Kama aliruka au aliliwa, Mungu ajua; ila usiku ule hakulala yatima.

Kama kinda bado yu uchi, hana manyoya, heri kumrudisha kiotani. Kama kiota kimevunjika, tutie nyasi kavu katika kikapu kidogo, tukifunge pale pale kilipokuwa kiota, kisha tuondoke ili wazazi wasiogope kurudi. Tusimpe maziwa, kwani si chakula cha ndege; wala tusimmiminie maji mdomoni, yasije yakaingia katika njia ya pumzi.

Pengine mtu atasema: shida za watu hazitutoshi, hata tuhangaike na ndege? Bwana wetu alitaja shomoro waliouzwa wawili kwa sarafu ndogo ya shaba, akasema hata mmoja wao haanguki pasipo Baba kujua. Sisi wa mji wa shaba twaelewa bei hiyo ilivyokuwa ndogo. Nayo Sheria ya Musa ilikataza kumtwaa ndege pamoja na makinda yake. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si’, alifundisha kwamba viumbe vyote vina thamani mbele ya Mungu, si kwa faida yetu tu.

Lakini kinda yule atufundisha pia juu ya watu. Mara ngapi twamwona mtoto wa ndugu aliyepatwa na umaskini, tukamchukua na kujisifu kwamba tumemwokoa, kumbe mama yake alihitaji unga wa bukari tu, na mtu wa kumtia moyo! Wako yatima wa kweli, nao tuwapokee. Ila kabla ya kumchukua mtoto, tutazame kwanza kama mama yake yu karibu. Akiwapo, tumsaidie yeye amlee.