Vitabu vya Rafu ya Chini

Ni mwaka wa sita sasa tangu tulipokabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu shuleni kwetu. Kabati lenyewe lina rafu nne. Tatu za juu zimejaa vitabu vya mtihani, navyo huazimwa hata majalada yakachanika. Rafu ya chini ina vitabu visivyoulizwa na mtu, nasi kwa muda mrefu tulivitazama kama mzigo wa mgeni asiyerudi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za vitabu hivyo, na jinsi vilivyotutia haya.

Mzee mmoja, jirani wa shule, aliyekuwa seremala zamani, alitujia siku moja. Tukamwamkia, naye akasema, "Mwanangu mwalimu, niazime kitabu kimoja, kiwe kirefu. Usiku wetu hauishi." Tukamjibu kwa adabu kwamba vitabu ni vya wanafunzi. Akashukuru, akaenda zake. Akaja mara ya pili, na jibu letu likawa lile lile. Mwaka uliofuata tukasikia kwamba mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili.

Hapo moyo ukatuchoma. Tukainama, tukatoa kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, tukakipeleka wenyewe. Mzee akapapasa unene wake, akacheka. "Umeniletea chakula, mwanangu, na meno yamekwisha."

Hatukuwa na la kusema. Basi tukamwomba binti mmoja wa darasa la sita, anayekaa nyumba ya pili, awe akimsomea kidogo kila jioni.

Kitabu hiki chataka msomaji mvumilivu. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kukichapa, kwa kuwa wasomaji wa lugha hiyo ni wachache. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikachapwa mwaka 1980, baada ya miaka 35, na mwaka 1981 mwandishi akafariki dunia. Ndani yake mna kulima, kuvua, kuamkiana na kutibiana, yote kwa kituo, kama mzee asimuliaye akijua kwamba kuni zingalipo. Lakini kiini chake ni mume na mke waliokaa muda mrefu bila kupata mtoto, na mume asiyekubali kumwacha mkewe ijapokuwa ndugu wamsema. Wakwe walipomchukua binti yao, aliwafuata, akatozwa pombe ya ndizi, akailipa.

Nasi hatukukumbuka, tulipokichagua, kwamba Mzee yule na mkewe hawakujaliwa mtoto. Binti alitusimulia kwamba alipofika pale ndugu wanapomtukana Bugonoka kwa utasa, Mzee alimgeukia mkewe akasema, "Wasikia?" Bibi akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Soma tena hapo, mjukuu wangu."

Tangu siku ile twaigawa rafu ya chini kwa yeyote aombaye. Kijana apendaye safari twampa habari za Selim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896, akaandika kwa Kiswahili mambo aliyoyaona. Zimo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901. Ni ajabu kusoma habari za nchi ile ya baridi kwa maneno ya lugha yetu. Na ajionaye mjuzi wa kusoma twampa Nagona cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1990. Ni chembamba, lakini njia zake zapotea kama ndotoni. Wengine hukirudisha kwa hasira. Mmoja alikirudisha akakiazima tena siku ile ile.

Hata picha za sinema twazichagua hivyo. Tulionyesha ukutani Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, iliyotolewa mwaka 2009. Ni fupi, yapata dakika 20: watu wanaishi wamefungiwa ndani kwa sababu maji yamekwisha duniani, na mwanamke aitwaye Asha anatoroka ili aupande mche mmoja. Mvua zilikuwa zimechelewa kwetu mwaka ule. Ilipokwisha, watu hawakupiga makofi. Walitoka polepole, wakitazama mbingu.

Ndugu zetu mlio na ufunguo wa kabati, hata likiwa sanduku tu, msimwulize mwombaji anasomea mtihani gani. Mwulizeni usiku wake ni mrefu kiasi gani, kisha mfungue. Na wala msingoje, kama tulivyongoja sisi.

Kitabu cha Kitereza hakijarudi hata leo. Binti amekimaliza mara moja, na sasa wameanza upya. Katika daftari letu kimeandikwa kwamba kimeazimwa, nasi hatukidai.