Kubebeana Mizigo Kazini

Mji wetu wa Tabora ulikuzwa na wabeba mizigo. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Wapagazi hao hawakuwa watu wa kuonewa tu. Mzigo ulipozidi au posho ilipokosekana, waliweza kugoma kwa pamoja.

Sisi tulikuwa watano, katika kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo hapa Mtendeni. Bosi alitutukana mbele ya wateja. Mshahara ulichelewa, na michango ya NSSF tuliyokatwa haikufikishwa kwenye mfuko. Lililotuumiza zaidi ni kwamba alimwita kila mmoja peke yake na kumuuliza wenzake wanasema nini. Ofisi ikawa kimya. Hata chai ya saa nne kila mtu aliinywea mezani kwake.

Ndugu zetu kanisani walitushauri tuvumilie, kwa kuwa uvumilivu ni tunda la Roho. Ni kweli. Lakini Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anafundisha kwamba kilio cha mfanyakazi aliyenyimwa ujira kinamfikia Mungu. Kwa hiyo kudai haki nako ni jambo la imani.

Tukaahidiana kwamba hakuna atakayepeleka neno la mwenzake. Aliyeitwa alijibu kwa adabu, "Bosi, hilo naomba umuulize mwenyewe." Kisha tukaingia ofisini sote watano, tukasalimia, tukaeleza madai yetu. Iliposhindikana, tulikwenda NSSF kuhusu michango, na kuhusu mishahara tukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004.

Malimbikizo tulilipwa kwa awamu. Lakini mikataba ya wawili wetu ilipokwisha, hawakuongezewa mingine. Sisi watatu tuliobaki tuliwachangia kodi ya nyumba mpaka walipopata kazi nyingine.

Ndugu msomaji, bosi hakubadilika sana. Ila hofu haikututawala tena, maana ilikuwa inaishi kwa kututenganisha. Paulo alipowataka Wagalatia wabebeane mizigo, hakuwaambia wangoje kwanza mzigo uwe mwepesi. Kama na wewe umelemewa kazini, anza na mwenzako wa meza ya jirani. Usimseme kwa bosi, na siku ya kwenda kudai haki, nendeni pamoja.